Alhamisi za Lusekelo

Ujumbe wa Joyness uliingia Eveline akiwa anasahihisha madaftari ya kidato cha pili, na alilazimika kuusoma mara tatu.

Joyness hakuwa mtu wa umbea. Walisoma chuo kimoja cha ualimu, wakalala chumba kimoja miaka mitatu, kisha Joyness akaachana na chaki na kwenda kufungua saluni Mbalizi. Aliandika: "Eve, nimekaa na jambo hili wiki tatu. Lusekelo wako kila Jumanne na Alhamisi saa kumi anaingia nyumba moja nyuma ya saluni yangu. Anafunguliwa na mwanamke. Anatoka saa kumi na mbili. Kama unalijua, nisamehe."

Eveline hakulijua. Alichojua ni kwamba Jumanne na Alhamisi jioni simu ya Lusekelo ilikuwa haipatikani, na alipomuuliza, Lusekelo alimwambia kwamba siku hizo ana zamu wodi ya wazazi na simu haziruhusiwi. Lusekelo alikuwa muuguzi pale Iyunga, Mbeya, katika kituo kimoja cha afya, akijitolea mwaka wa tatu sasa huku akisubiri ajira. Eveline aliliamini jibu hilo kwa sababu hakuwa na sababu ya kutoliamini. Sasa alikaa na kalamu nyekundu mkononi, na mambo madogo madogo yakaanza kumrudia, moja likivuta jingine.

Zilikuwepo picha ndogo za paspoti, nne, zilizodondoka kwenye Biblia ya Lusekelo alipokuja Iringa mwezi wa nane. Alisema ni za kitambulisho cha kazi. Kuna siku alimpigia akamkuta ananong'ona peke yake, maneno ambayo hayakuwa Kiswahili wala Kinyakyusa, naye akacheka akasema alikuwa anaimba. Kuna siku alimwitikia kwa neno ambalo Eveline hakulijua, kisha akanyamaza ghafla kama mtu aliyekumbuka yuko wapi. Kila jambo kwa wakati wake lilikuwa na maelezo. Eveline aliyapanga yote pamoja, akaona kwamba maelezo yalikuwa mengi mno kwa mtu asiyeficha kitu.

Hakumwambia mtu. Kubwa zaidi, hakutaka baba yake ajue.

Mzee Jailos alikuwa fundi seremala aliyestaafu na mzee wa kanisa la Kilutheri pale Kihesa, mtu wa kupima ubao mara mbili kabla ya kuukata, na tangu mwanzo hakumwelewa Lusekelo. Hakuwa na neno na ukoo wake wala na umbali wa Mbeya. Alichosema ni kwamba kijana anaongea vizuri kupita kiasi. Mara ya kwanza Lusekelo alipofika nyumbani alisalimia kwa Kihehe, "Kamwene, baba," salamu aliyokuwa amefundishwa na Eveline njia nzima. Mzee akamjibu kwa Kiswahili, akamwonyesha kiti. Jioni alimwambia binti yake amchunguze. Eveline akamjibu kwamba mtu hachunguzwi, anapendwa. Mzee Jailos akarudi kwenye randa yake.

Na ni kweli kwamba Eveline alimpenda Lusekelo kwa sababu ya maneno. Hakuwahi kulikana hilo.

Ilikuwa mwezi wa nne, pale Iringa, kwenye kongamano la vijana wa mikoa ya Nyanda za Juu. Walikusanywa zaidi ya mia mbili kwenye ukumbi wa chuo kwa siku tatu, wakapewa kazi moja tu: waeleze nchi yao itakavyokuwa miaka ishirini na tano ijayo. Wengi walianza na barabara za juu na treni za mwendo kasi. Meza ya Eveline ilikuwa na watu sita na karatasi moja kubwa ya manila. Yeye alichora shule, na ndani ya shule maabara, na ndani ya maabara kila mwanafunzi na hadubini yake. Kijana aliyekaa mbele yake, mrefu, mwenye mikono iliyotakata kama ya mtu anayenawa mara ishirini kwa siku, alimtazama akichora mpaka akamaliza. Kisha akauliza taratibu, "Mwalimu, kwenye mji wako mimi nakaa wapi?"

Eveline alichukua kalamu, akachora zahanati ubavuni mwa shule, karibu kiasi kwamba dirisha lilitazamana na dirisha. Kijana yule akatabasamu, na Eveline akahisi joto likimpanda shingoni mbele ya watu wote wa meza ile.

Siku ya mwisho Lusekelo ndiye aliyesimama kuzungumza kwa niaba yao. Hakusoma popote.

"Ni Jumatatu," alisema. "Miaka ishirini na tano kutoka leo. Huko juu milimani mama mmoja anashikwa na uchungu saa nane mchana. Anatembea dakika kumi, anafika zahanati. Taa inawaka. Maji yanatoka. Muuguzi yupo, amelala vizuri usiku uliopita. Mtoto anazaliwa. Jioni muuguzi anafunga mlango, anarudi kwake, anakula na mke wake. Basi. Hakuna aliyepiga picha, hakuna gazeti lililoandika. Mimi naiota nchi ambayo jambo hilo siyo habari. Na siku hiyo nataka niwe pale. Sitaki kuja kusimuliwa."

Ukumbi ulinyamaza kwanza, ndipo ukapiga makofi. Aliposhuka, alimtazama Eveline peke yake. Kuanzia mtazamo ule mpaka mwezi wa kumi na moja, Eveline hakuwa na shaka hata siku moja. Ndugu wa Lusekelo walikuwa walete barua ya posa mwezi wa kumi na mbili. Lusekelo alikuwa amemsihi ahamie Mbeya mapema, wasianze maisha kila mtu na mji wake, naye akatafuta shule, akapata nafasi Mbalizi, akasaini mkataba wa kuanza Januari. Barua ya kuacha kazi Kihesa ilikuwa imeshapokelewa ofisini.

Ndiyo maana alipanda basi la alfajiri Alhamisi ile. Aliwaambia nyumbani anakwenda kuiona shule mpya. Lusekelo hakuambiwa chochote.

* * *

Mbalizi ilikuwa na manyunyu alipofika. Joyness alimpokea, akamkalisha kwenye kiti cha wateja, akaanza kumsuka nywele bila kuombwa, labda kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi. Akaeleza alichokiona. Mwanamke mwenyewe ni mtu mzima kidogo, maji ya kunde, mwenye miwani, anavaa vizuri. Hapo mtaani wanamwita madamu. Anaishi peke yake. Amehamia mwaka jana.

Saa kumi kasoro dakika tano Lusekelo alipita dirishani. Eveline alimwona kwenye kioo kabla ya kumwona mwenyewe. Alivaa shati la bluu alilonunuliwa na Eveline. Alikuwa anatembea haraka, na begi begani, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Eveline alikijua na kilichomuumiza kuliko yote: alikuwa na hamu ya kufika.

Joyness alimshauri asubiri atoke, amkabili barabarani. Eveline akasubiri robo saa. Kisha akanyanyuka, nywele zikiwa zimesukwa upande mmoja, akajifunga kitambaa, akaizunguka saluni.

Nyumba ilikuwa ndogo, ya tofali za kuchoma, na dirisha lililoachwa wazi. Alisimama chini ya dirisha akasikia sauti ya mwanamke. Ilikuwa sauti ya mtu anayebembeleza, ikisema jambo polepole. Halafu ikaja sauti ya Lusekelo, naye akasema jambo polepole, na kati ya maneno yale yote Eveline alitambua moja tu, jina lake mwenyewe, Lusekelo. Mwanamke akacheka kwa kuridhika. Eveline akaenda mlangoni akagonga.

Yule mwanamke mwenye miwani ndiye aliyefungua. Akamwangalia kuanzia kitambaa mpaka viatu vyenye tope, akatabasamu kwa ukarimu.

"Umekuja kujiandikisha?"

Nyuma yake, sebuleni, walikuwepo vijana saba na viti vya plastiki, sita wamekaa, madaftari mapajani. Mlango wa pili ulifunguka kwenye uchochoro usioonekana kutoka saluni, na viatu vyao vilikuwa vimepangwa hapo. Ubaoni kulikuwa na maandishi na juu yake ramani ya nchi moja ya Ulaya. Wasichana wanne, wavulana watatu. Wa mwisho kulia alikuwa Lusekelo, amesimama, daftari mkononi, mdomo wazi katikati ya neno.

Mwanamke yule alijitambulisha kuwa ni Devotha, akasema darasa la Kijerumani la wanaoanza litafunguliwa Februari, hili la sasa lipo karibu na mtihani. Wengi wao ni wauguzi, aliongeza, wanakwenda kule kusomea na kufanya kazi. Eveline alimshukuru kwa adabu. Akamwambia amekosea nyumba.

* * *

Lusekelo alimkuta kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa limefungwa. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha sawasawa. Kwa muda walisimama kama watu wawili wasiojuana waliojikinga mahali pamoja.

Eveline alishangaa kwamba hakupata nafuu. Njia nzima alikuwa ameomba yule mwanamke asiwe mpenzi. Maombi yake yalikuwa yamejibiwa, na kifua kilikuwa kizito kuliko asubuhi.

Lusekelo alianza kujieleza kabla ya kuulizwa. Alisema kila mara alitaka kumwambia akashindwa. Alisema ni miaka mitatu tu katika nchi za watu, kisha mtu anarudi na ujuzi mkubwa zaidi. Alisema amechoka kuambiwa asubiri, kwamba wenzake wanne aliomaliza nao walishaondoka, kwamba kuna siku anavua glovu jioni hajui yeye ni muuguzi au ni mgeni anayesaidia tu. Hayo Eveline aliyaelewa. Angemwambia mapema, pengine angelia naye, pengine angemfungia mizigo kwa mikono yake.

"Ulianza lini?" aliuliza.

Lusekelo alitazama mvua.

"Lusekelo. Darasa ulianza lini?"

"Februari."

Eveline akahesabu, ingawa hakukuwa na haja ya kuhesabu. Kongamano lilikuwa Aprili.

"Kwa hiyo siku ile unasimama pale mbele, unasema unataka uwepo, hutaki kusimuliwa, tayari ulikuwa unajifunza kuondoka."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unatudanganya."

"Hapana, Eve. Sijawahi kusema maneno ya kweli kama yale." Alikuwa amefumbata mikono, kama anajizuia kumgusa. "Niliyasema vile kwa sababu nilikuwa nayaaga. Ukiwa unaaga kitu ndiyo unakiona vizuri. Halafu nikashuka nikakuona wewe, na kwa mara ya kwanza nikatamani kubaki. Nilikaa wiki tatu bila kwenda darasani. Muulize madamu."

Ilikuwa sauti ileile ya ukumbini. Eveline aliisikia ikiingia moyoni kwa njia ileile, ikafika mahali palepale, na safari hii akaizuia mlangoni. Alimtazama usoni. Aliyapenda macho yale hata sasa. Lakini alikuwa anayatazama kama baba yake anavyotazama ubao, akitafuta palipopinda.

"Unaondoka lini?"

"Mtihani nikifaulu na viza ikitoka, mwezi wa tatu."

"Mimi naripoti Mbalizi Januari. Wewe ndiye uliyenisihi nije. Umenisihi miezi mitano. Unajua kabisa Machi haupo." Swali lililokuwa linakuja lilimtisha yeye mwenyewe. Mama yake Lusekelo alikuwa na miguu mibovu, hatoki nje bila kushikwa, na alikuwa na mtoto mmoja tu. "Ukiondoka, mama yako anabaki na nani?"

Mvua ilipiga bati. Mtu aliyeweza kunyamazisha ukumbi wa watu mia mbili hakupata neno moja la kumjibu mwanamke mmoja barazani, na ndivyo Eveline alivyojua kwamba yeye ndiye aliyepangiwa kumtunza mama huyo.

"Mwanzo sikuwaza hivyo," Lusekelo alisema mwishowe. "Naapa. Nilitaka uwe karibu na mimi. Baadaye ndiyo nikawaza. Niliona tukifunga ndoa, wewe ukiwa Mbalizi, mama yupo Iyunga, siyo mbali. Ningekuambia ukishafika."

"Nikishaacha kazi. Nikishakuwa sina pa kurudi."

"Nilijua ukiambiwa kabla hutakuja."

"Hapo umenijua vizuri," Eveline alisema.

Lusekelo aliita jina lake mara mbili. Hakugeuka. Alivuka barabara kwenye mvua mpaka saluni, akakaa kwenye kiti kilekile, na Joyness, bila kuuliza, akaendelea kumsuka upande uliobaki.

* * *

Jumatatu iliyofuata alikwenda kwa mkuu wa shule pale Kihesa kuomba barua yake irudishwe. Mkuu alisikitika kweli. Mwalimu mwingine wa baiolojia alikuwa ameshapatikana na ameshasaini. Eveline alirudi nyumbani kwa miguu, akamweleza baba yake kila kitu, akijiandaa kuambiwa kwamba alionywa. Mzee Jailos hakusema hivyo. Alimwuliza tu kama amekula.

Lusekelo alifika Jumamosi. Hakuwa ameitwa. Alikuja peke yake, bila zawadi, akasalimia kwa shikamoo ya kawaida, akaomba kuongea na baba mbele ya Eveline. Wakakaa karakana, katikati ya harufu ya mbao za msindano, na mama akaleta chai akabaki amesimama mlangoni.

Alieleza yote. Alieleza darasa, tarehe, picha za paspoti, na uongo wa zamu za wodini. Alipofika kwenye habari ya mama yake sauti ilipungua, lakini hakuiruka. Alisema amempata binamu kutoka Tukuyu wa kukaa na mama, na kwamba hakuja kuomba kitu kwa kusema hivyo. Mara mbili alianza sentensi nzuri, akaiacha katikati, akasema jambo lenyewe.

Eveline alikuwa anamsikiliza kwa masikio mawili. Sikio moja lilimsikia mtu anayejivua nguo mbele ya wakwe aliowataka, na likamhurumia. Sikio la pili lilijiuliza kama na hili nalo ni hotuba, ila ya namna nyingine.

Mzee Jailos aliuliza swali moja. "Hiyo miaka mitatu ikiisha, utarudi?"

"Sijui, baba," Lusekelo alisema. "Nataka kurudi. Lakini sijui."

Mzee alipangusa vumbi la mbao gotini. Kisha akamgeukia binti yake. "Huyu ndiyo leo amekuja kujitambulisha," alisema. Akanyanyuka, akaenda ndani, akawaachia karakana.

Lusekelo alimwambia Eveline kwamba anampenda. Alilisema bila mapambo, na Eveline alijua kwamba hata yeye anampenda, na hilo halikuwa limepungua hata kidogo, ndiyo maana lilimchosha. Lusekelo akamwomba amsubiri. Akasema yuko tayari kuacha safari akisema neno moja.

"Sitalisema," Eveline alimjibu. "Ukibaki kwa neno langu, kila siku utakayochoka utanitazama mimi. Na mimi kila utakapochelewa nitajiuliza uko darasa gani." Alimwambia kwamba Januari atakwenda Mbalizi kama alivyosaini. Aliipitia shule kabla ya kurudi Iringa, ina watoto mia sita na haina mwalimu wa baiolojia hata mmoja. Anakwenda kwa ajili ya hilo, siyo kwa ajili ya Iyunga. Mama yake Lusekelo atamsalimia wakikutana, kama anavyosalimiwa mama wa mtu yeyote.

"Na barua?" Lusekelo aliuliza. "Wazee wangu walishaiandika."

"Wasiilete."

"Nikirudi je?"

Eveline alifikiri. Hakutaka kusema jambo asilolijua, maana siku hiyo hata Lusekelo alikuwa ameweza kusema "sijui". "Ukirudi ukanikuta, tutaanza na salamu," alisema. "Kama watu ambao hawajuani."

Alimsindikiza mpaka getini, siyo zaidi. Hawakushikana mikono. Lusekelo alishuka njia ya Kihesa yenye udongo mwekundu, mrefu, mabega yameinama kidogo, na Eveline akasimama akimtazama, akijiambia kwamba akifika kwenye kona hatatazama tena.

Kwenye kona Lusekelo aligeuka. Alisimama pale, kama hatua hamsini hivi, akamwangalia kwa muda. Eveline hakuweza kujua kama aligeuka kwa sababu moyo ulimvuta, au alitaka kuhakikisha kwamba bado anatazamwa. Miezi sita nyuma swali hilo lisingemjia hata kwa bahati mbaya. Aliinua mkono nusu, akaushusha, akafunga geti.